Bima ya Mzee wa Pangani: Pima Njia Kwanza, Kadi Baadaye

Swali ni lilelile, liulizwe kwenye baraza za mji mkongwe wa Pangani, kwenye mashamba ya mkonge ya Mwera au kwenye diko la Kipumbwi: "Mzee wangu nimkatie bima gani?" Anayeuliza mara nyingi ni mtoto mwenye umri wa makamo aliyeachiwa jukumu na ndugu zake, au mjukuu aliyepata ajira Tanga mjini. Baba ana presha, mama anaona ukungu, na kila mwezi pesa inatoka bila mpango: leo dawa, kesho kipimo, keshokutwa nauli ya Hospitali ya Bombo.

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa hatua. Rai yake ni moja. Kabla ya kulinganisha bei za kadi, andika ugonjwa wa mzee, hospitali inayoutibu na njia ya kufika huko. Kadi inayofaa ni ile itakayopokewa mwisho wa njia hiyo. Pesa ya nyongeza nayo, kwa kaya nyingi za Pangani, ina kazi kubwa zaidi kwenye nauli na dawa kuliko kwenye kadi ya pili.

Anza na karatasi moja

Kaa na mzee, mwamkie, mpe nafasi azungumze, kisha andika mambo matano:

1. Magonjwa anayojua anayo. Presha, kisukari, mtoto wa jicho, maumivu ya magoti, tezi dume, pumu. Usiandike unayoyahisi wewe. Andika yaliyo kwenye daftari lake la kliniki.
2. Dawa anazomeza kila siku, na kila moja inapatikana wapi: zahanati ya kijiji, hospitali ya wilaya, au duka la dawa kwa pesa taslimu.
3. Vituo alivyotibiwa miaka miwili iliyopita, na aliyemwandikia rufaa.
4. Njia yake. Anatoka Pangani mjini, au anatoka ng'ambo ya mto: Bweni, Ushongo, Sange, Mkwaja?
5. Msindikizaji. Nani atakayekwenda naye, atalala wapi, ataacha kazi gani.

Jambo la nne ndilo linalosahaulika. Hospitali ya Wilaya ipo Pangani mjini, upande wa kaskazini wa mto. Kusini kuna Kituo cha Afya Mwera na zahanati za vijiji. Kwa miaka mingi kuvuka kumetegemea pantoni kati ya Bweni na mjini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ipo jijini Tanga, kama kilomita 50 kutoka Pangani mjini. Juu ya Bombo kuna KCMC ya Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, na Muhimbili ya Dar es Salaam. Wapo pia wanaokwenda Hospitali Teule ya Muheza.

Tuseme kuna bibi wa Mkwaja mwenye presha na mtoto wa jicho. Presha itapimwa zahanati kila mwezi, ila jicho halitapasuliwa hapo. Kadi inayoishia ngazi ya chini itamtosha kwa presha na kumwacha njiani kwa jicho. Tuseme tena kuna babu wa Pangani mjini mwenye kisukari tu, anayetembea kwa miguu hadi hospitali ya wilaya. Huyu anahitaji kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni dawa isiyokatika. Wazee wawili wa wilaya moja, na kadi inayomfaa mmoja si lazima imfae mwenzake.

Milango minne, na namna ya kubisha hodi

Ukishakuwa na karatasi yako, angalia mlango upi uko wazi kwa mzee wako. Fuata mpangilio huu, kwa sababu milango mitatu ya mwanzo inaweza kukuokolea pesa ambayo ungeitoa kwenye wa nne.

*Mlango wa kwanza: kadi ya mtoto aliyeajiriwa.* Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 3. Mchango huo humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwa hao wanne. Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao cha familia liwe hili: nani kati yetu ni mwalimu, muuguzi, askari au mtumishi wa halmashauri, na ana nafasi ngapi kwenye kadi yake? Mwalimu mwenye watoto wawili ana nafasi mbili zilizobaki. Familia nyingi zinamnunulia mama kadi mpya huku nafasi hizo zikikaa bure.

*Mlango wa pili: kadi ya mstaafu.* Mwanachama wa NHIF akistaafu, yeye na mwenza wake huendelea kuhudumiwa, mradi ametimiza masharti ya Mfuko. Watoto na wategemezi wengine hutoka. Kosa kubwa hapa ni kudhani kwamba kadi ya kazini inaendelea yenyewe. Mshahara ukikoma na mchango ukikoma, kadi ya zamani hufungwa. Mtumishi anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na 60 aanze kufuatilia kadi ya mstaafu kabla ya siku yake ya mwisho kazini, akiwa na barua ya kustaafu, kitambulisho cha taifa na cheti cha ndoa cha mwenza. Barua ya ofisi hupatikana kwa urahisi zaidi wakati bado unaingia ofisini.

*Mlango wa tatu: msamaha wa wazee.* Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 au zaidi, na wazee wasiojiweza wanastahili matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Neno la kushika ni "wasiojiweza". Umri peke yake hautoshi. Mzee hutambuliwa kijijini, orodha hupita kwa mtendaji, na halmashauri kupitia ustawi wa jamii hutoa kitambulisho cha matibabu. Anayestahili asione haya kukidai. Haombi hisani, amewekewa haki.

*Mlango wa nne: kuchangia mwenyewe.* Kwa kaya zisizo na ajira rasmi, njia iliyozoeleka ilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001 na kuboreshwa mwaka 2018. Chini ya CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu hadi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zilianzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata rufaa. NHIF nayo ilifungua vifurushi vya hiari mwaka 2019, vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, ambavyo bei yake ilipanda kwa umri na kwa upana wa huduma.

Kisha Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, inaweka kitita cha msingi na kuruhusu mafao ya ziada juu yake, na inaanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Utekelezaji wake unabadilisha viwango na majina ya vifurushi. Ukiambiwa na jirani "bei ni kadhaa", msikilize, kisha nenda kahakikishe kwa mtendaji wa kijiji, hospitali ya wilaya au ofisi ya NHIF Tanga. Uliza maneno haya hasa: "Kitita kinachoandikishwa leo kwa kaya kama yetu ni kipi, kinagharimu kiasi gani, na kinaishia hospitali ya ngazi gani?"

Maswali nane kabla ya kulipa

Yaandike nyuma ya ile karatasi yako na usione aibu kuyasoma mbele ya mwandikishaji. Kadi yoyote, ya umma au ya kampuni, inapaswa kuyajibu.

- Magonjwa aliyonayo mzee tayari yanahudumiwa kuanzia lini?
- Kuna muda wa kusubiri kabla ya upasuaji?
- Kadi inapokewa Pangani, Bombo na KCMC, au kimojawapo tu?
- Dawa ikikosekana kituoni, kuna duka la dawa lenye mkataba? Lipo wapi?
- Kulazwa kuna kikomo cha siku au cha pesa?
- Miwani, meno, kusafisha damu kwa mwenye ugonjwa wa figo, na vipimo vikubwa vimo?
- Mzee akifikisha umri fulani, kadi itafungwa au bei itapanda?
- Nikichelewa kulipa mwaka ujao, naanza upya au naendelea?

Jibu la mdomo halitoshi kwa swali la kwanza na la pili. Omba kipeperushi au mkataba, soma, na kama macho hayasomi vizuri mtafute mwalimu wa kijiji akusomee.

Nyongeza: kadi ya pili au kibubu cha nauli?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtoto mwenye uwezo husikia kuna bima ya kampuni binafsi, akaona mama yake anastahili cha juu. Nia ni njema, ila ajue mambo matatu. Kampuni nyingi binafsi huweka kikomo cha umri wa kuingia, hivyo mzee wa miaka 70 anayeomba kwa mara ya kwanza mara nyingi hukataliwa. Akikubaliwa, bei yake ni kubwa kuliko ya kijana, na maradhi aliyonayo yanaweza kuachwa nje au kusubirishwa. La tatu, hospitali nyingi za mtandao wa kampuni hizo ziko Dar es Salaam, Arusha na miji mikubwa. Kadi ya hospitali ya Dar haimsaidii mzee wa Sange saa nane ya usiku.

Kadi ya pili ina maana kwa familia ambayo tayari ina kadi ya umma, ina mahali pa kufikia mjini, na mzee ana ugonjwa ambao wamekwishaambiwa na daktari kwamba utahitaji bingwa. Ukifikia hapo, hakikisha kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kumbuka pia kuwa bima nyingi hazilipi gharama ileile mara mbili. Kadi mbili zinazofanana ni mchango mmoja umetupwa.

Kwa wengine wote, nyongeza yenye faida ni kibubu cha mzee. Kadi, hata iwe nzuri namna gani, kwa kawaida haigusi mambo haya:

- nauli ya bodaboda, pantoni na basi hadi Tanga, kwenda na kurudi, kwa watu wawili;
- chakula na malazi ya msindikizaji Bombo au Moshi;
- dawa iliyokosekana dirishani na inayopatikana dukani;
- siku za kazi anazopoteza anayemuuguza mzee.

Fanya hesabu ya safari moja ya Bombo kwa nauli za leo, watu wawili, siku mbili. Zidisha kwa safari ambazo daktari amepanga kwa mwaka. Kiasi hicho ndicho kiwe lengo la kibubu. Kiwekwe kwenye akaunti ya simu ya mtu mmoja anayeaminika, wa pili awe anaona salio, na ndugu wote wachange kwa mwezi, hata kama ni kidogo. Vikoba vingi vya akina mama wa pwani vina mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba. Kama bibi au binti yake ni mwanachama, someni katiba ya kikundi mjue mnaweza kupata kiasi gani na kwa haraka gani.

Siku ya kuandikisha

Mzee asipelekwe mikono mitupu. Beba:

1. Kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA.
2. Picha ndogo, hata kama waandikishaji wengi hupiga picha kwa simu.
3. Vyeti vya kuzaliwa vya wategemezi, cheti cha ndoa, au hati ya mahakama pale inapohitajika.
4. Namba ya simu ya mtu atakayepokea ujumbe, ambayo haitabadilika.
5. Daftari la kliniki.

Angalia majina kwa makini. Hili ni jambo la pwani hasa. Bibi mmoja anaweza kuwa Mwanahamisi kwenye kitambulisho, Mwanahamis kwenye kadi ya kliniki na Mwana Hamisi kwenye daftari la kijiji. Jina la babu nalo huandikwa leo kwa jina la baba mzazi, kesho kwa jina la ukoo. Kompyuta ya dirishani haijui kwamba hao ni mtu mmoja. Fuata tahajia ya kitambulisho cha taifa kila mahali, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho chenyewe kina kosa, kalirekebishe NIDA kwanza.

Jambo jingine ni alama za vidole. Mikono iliyovuta nyavu na kukata mkonge kwa miaka arobaini huwa laini au yenye makovu, na mashine hushindwa kuisoma. Mzee wako akiwa na tatizo hilo, sema siku ya kuandikisha na uulize njia mbadala ya kumtambua. Usingoje ligundulike akiwa kitandani.

Malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu iliyotolewa na mfumo, ile inayoitwa kontrol namba, na risiti itunzwe. Yeyote anayetaka pesa mkononi akiahidi "nitakushughulikia" ni kishoka. Mpite.

Ngazi za rufaa, hatua kwa hatua

Kadi nyingi hukataliwa Bombo kwa sababu moja: mgonjwa hana barua ya rufaa. Njia iliyonyooka ni hii.

Mzee anaanza kituo cha karibu. Daktari au tabibu anamwona, anaandika kwamba tatizo limezidi uwezo wa kituo, na anampa rufaa ya hospitali ya wilaya. Hospitali ya wilaya ikiona haja, inaandika rufaa ya Bombo. Kabla ya kuondoka dirishani, angalia vitu vitatu kwenye karatasi hiyo: mhuri wa kituo, saini ya aliyeandika na jina la idara anayopelekwa. "Nenda Bombo" bila kutajwa kliniki ya macho au ya mifupa kunamzungusha mzee korido nzima. Uliza pia kliniki hiyo hufanyika siku gani. Kumfikisha mzee Tanga Ijumaa kwa kliniki ya Jumanne ni kumlipia siku nne za mji.

Ukifika, ulizia Dirisha la Wazee. Vituo vya umma vimetakiwa kuwapa wazee kipaumbele, na mwenye miaka 60 hapaswi kusimama foleni ya vijana. Sema kwa adabu, "Shikamoo mama, nina mzee hapa, dirisha lake liko wapi?" Wauguzi wengi watakuelekeza mara moja. Usipopata msaada, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Dharura ina utaratibu wake. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, au mdomo ukipinda ghafla na mkono ukalegea, usizunguke kutafuta barua. Mfikishe kituo chenye uwezo haraka, na mtu mwingine ashughulikie karatasi nyuma yenu.

Makosa yanayorudiwa

*Kungoja augue.* Kadi inayokatwa siku ya kulazwa mara nyingi huwa haijaanza kufanya kazi. Kata mzee akiwa mzima.

*Kuficha ugonjwa au kupunguza umri.* Mwandikishaji hatajua, ila hospitali itajua kwa kipimo cha kwanza. Madai yakikataliwa, mchango wa mwaka mzima umepotea.

*Kuazimana kadi.* Dada anampa kaka kadi kwa sababu sura zinafanana. Ni kosa kisheria, na ni hatari kwa afya: kundi la damu na historia ya dawa ya mtu mmoja huandikwa kwenye jina la mwingine.

*Kumwacha bibi nje ya kaya.* Watu huandika baba, mama na watoto, na bibi anayelea wajukuu chumba cha uani hukumbukwa nafasi zikishajaa. Orodha ianze na aliye na uwezekano mkubwa wa kuugua.

*Kusahau tarehe ya kuisha.* Kwa familia za wavuvi, tarehe mbaya ni ile inayoangukia kusi, bahari ikiwa imechafuka na vyombo viko pwani. Kama una uhuru wa kuchagua, anza kadi wakati wa kaskazi, ili kila mwaka kulipa upya kuangukie msimu wenye kipato. Mkulima wa nazi au korosho naye aangalie msimu wake.

*Kuamini kwamba kadi iliyopokewa mwaka jana itapokewa leo.* Machi 1, 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano kuhusu kitita kipya cha bei. Wagonjwa waliokuwa na kadi halali walijikuta mlangoni. Kama mzee wako hutegemea hospitali binafsi au ya dini, jua daima ni kituo gani cha umma kinachoweza kumpokea kwa kadi hiyohiyo, na piga simu kabla ya kusafiri.

Hoja ambazo wasomaji huzitoa

"Serikali imesema wazee watibiwe bure. Nilipe ya nini?" Msamaha ni kwa wasiojiweza na hutolewa katika vituo vya umma. Dawa ikiisha dirishani, msamaha haukununulii dukani. Mzee mwenye kitambulisho cha msamaha na asiye na mtoto wa kumchangia akae na kitambulisho chake bila wasiwasi, familia ielekeze nguvu kwenye kibubu. Mwenye uwezo wa kuchangiwa apate kadi, ili hata dawa zikibadilika au rufaa ikipanda asirudi sifuri.

"Nililipa mwaka mzima, hatukuugua, pesa ikaliwa." Pesa hiyo ilimtibu mzee wa kijiji kingine, kama ambavyo ya kwao itamtibu wako. Hata hivyo, kuna njia ya kuifaidi bila kuugua: mpeleke mzee apimwe presha, sukari na macho. Presha haiumi mpaka imevunja kitu, na kupima mapema ndiyo faida ya kwanza ya kadi.

"Bima ina utata katika dini." Wapo Waislamu wanaosita kwa sababu hiyo, na wasiwasi wao unastahili heshima. Waulize masheikh wanaowaamini kuhusu mifuko ya umma, ambayo msingi wake ni wananchi kuchangiana. Kwa upande wa kampuni, sasa nchini kuna bima za takaful zinazosimamiwa na TIRA, na mtu anaweza kuulizia huko.

"Kwenye zahanati yetu dawa hazipo, kadi ya nini?" Malalamiko haya ni ya kweli mahali pengi. Yapelekwe panapostahili: kamati ya afya ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, mkutano wa kijiji, na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Andika tarehe, jina la dawa na jibu ulilopewa. Lalamiko lenye tarehe hujibiwa kwa urahisi zaidi kuliko "kila siku hakuna dawa".

Mtoto yuko Unguja, Mombasa au Muscat

Pwani hii ina ndugu kila upande wa bahari, na kadi za upande mmoja hazivuki. Kenya iliachana na NHIF yake na kuanza bima mpya ya SHIF Oktoba 1, 2024, ambapo mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mtoto anayechangia huko asidhani kwamba mama yake wa Bushiri amekingwa. Zanzibar ina Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza mwaka 2016, lakini ni ya wakazi wa Zanzibar.

Aliye mbali na mwenye kipato asaidie kwa njia mbili. Alipe mchango wa mwaka moja kwa moja kwa kontrol namba, badala ya kutuma pesa mkononi mwa mtu wa tatu. Kisha atume kiasi cha kila mwezi kwenye kibubu, ili ndugu aliyeko Pangani ambaye ndiye anayeamka usiku asilazimike kuuza kuku ili apate nauli. Yule anayeuguza apewe pia shukrani yake kwa jina, kwenye simu, mbele ya wengine.

Mwezi wa kwanza na kadi mpya

Kadi ikishapatikana, isiende moja kwa moja kwenye sanduku la nguo. Weka bahasha moja ngumu yenye kadi, nakala ya kitambulisho, daftari la kliniki, orodha ya dawa, barua za rufaa za zamani na namba mbili za simu za watoto. Itundikwe mahali ambapo hata mjukuu anaweza kuifikia gizani, na jirani mmoja ajue ilipo.

Ndani ya mwezi huo mpeleke mzee akapime presha kwa kutumia kadi hiyo, katika kituo kilekile ulichokiandika kwenye karatasi ya mwanzo. Angalia kama jina linasomeka, kama kidole kinakubali, kama dawa iliyoandikwa inatoka dirishani. Kikigoma chochote siku hiyo, mzee bado ana nguvu za kukaa kwenye benchi akisubiri, na mwandikishaji bado anakukumbuka. Nenda kwake siku hiyohiyo na risiti ya malipo, na usiondoke mpaka akuandikie tarehe ya marekebisho.